Siku tatu Fukui: zazen Eiheiji, kisha karatasi za Echizen

Nianze na pale nilipolizwa, mwenye hela yake ajihadhari. Nilikuwa Nagoya, Japani, kwa mafunzo ya kazini ya wiki 6, na wikiendi ya kwanza nikakimbilia Kyoto, nikalipia kifurushi cha nusu siku: taamuli ya Kijapani ya kukaa kimya (zazen) na kutengeneza karatasi, vyote kwa mkupuo. Kampuni siitaji. Taamuli ilikuwa dakika 15, tano kati ya hizo za kupiga picha. Karatasi nayo, nilikabidhiwa fremu ambayo rojo lilishamiminwa tayari, nikabandika jani jekundu lililokaushwa, nikapigiwa makofi. Kadi ile ninayo na inapendeza, lakini ni sawa na mtu kutia chumvi kwenye sufuria ya mwenzake halafu aseme kapika pilau.

Mwenzangu wa darasani, Mjapani, alipoiona alicheka kwa adabu, mkono mdomoni, akaniandikia majina mawili: Eiheiji, hekalu la watawa wa Kibudha, na Echizen, kwa watengeneza karatasi. Yote yako mkoa mmoja, Fukui, upande wa Bahari ya Japani. Nikaenda Februari, Ijumaa hadi Jumapili.

Usafiri haraka haraka. Kutoka Nagoya unapanda treni ya Shirasagi hadi Tsuruga, unahamia Shinkansen, treni ya kasi, hadi Fukui. Tangu Machi 2024 Shinkansen ya Hokuriku imeongezwa kutoka Kanazawa hadi Tsuruga, kwa hiyo anayetoka Tokyo anafika Fukui kwa saa 3 hivi bila kubadili treni. Wenye pasi ya JR, kampuni za reli za Japani, wajue kwamba treni za kawaida za kati ya Fukui na Takefu, stesheni ya kwendea Echizen, sasa ni za kampuni nyingine, Hapi-Line, si za JR, na hapo pasi haifui dafu. Kwenda Eiheiji kuna basi mbele ya stesheni ya Fukui, kama nusu saa.

Hekalu la Eiheiji lilianzishwa mwaka 1244 na Dogen, mtawa aliyewahi kuvuka bahari kwenda China kutafuta elimu, akarudi akisisitiza jambo moja: kaa. Madhehebu yake, Soto, tawi la Ubudha wa Zen, hukaa wakitazama ukuta. Wenzao wa Rinzai, tawi jingine la Zen, huupa ukuta mgongo. Majengo ni takriban 70, yamepandana mlimani katikati ya miti mirefu mno, yameunganishwa kwa korido na ngazi za mbao zilizosuguliwa mpaka zinateleza. Theluji ilikuwa usawa wa kiuno. Viatu unavua mlangoni na korido hazina joto, kwa hiyo chukua soksi nzito pea mbili. Hilo usilipuuze.

Wageni wengi huzunguka saa moja, wakainua shingo kutazama dari lenye michoro 230 ya maua na ndege, wakarudi kwenye basi. Mimi nililala. Nafasi inaombwa mapema, si siku ya kufika, na ukikubaliwa unafuata ratiba yao: kula kwao, kuoga kwao, kulala na kuamka kwao. Tuliambiwa kuna sehemu tatu ambazo mtu hasemi kabisa: ukumbi wa kukalia, bafu na choo. Hapo nilijisikia nyumbani. Mtoto wa Tanga nimefundishwa tangu nikiwa mdogo kwamba chooni hakuongelewi. Lakini ukumbi wa zazen wenyewe unaingiwa kwa mguu wa kushoto, na pale mlangoni mguu wangu uligoma, maana kwetu mguu huo ndio wa kuingilia chooni, mahali pa heshima unatanguliza wa kulia. Nadhani nilisimama sekunde tano nzima nikibishana na mguu, foleni ikisubiri nyuma yangu.

Kuhusu kukaa kwenyewe nilikwenda na jivuno. Nimekulia mkekani, nimesoma chuoni miguu nimekunja, nimekaa misiba ya siku tatu sakafuni. Nikawatazama Wazungu wawili wakihangaika na magoti yao nikawaonea huruma. Jivuno lile halikumaliza robo saa. Mkekani unaegemea ukuta, unanyoosha mguu mmoja, unapokea kikombe, unafukuza nzi, unamgeukia shoga yako. Hapa unakalia mto wa duara, magoti yote mawili chini, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, vidole gumba vinagusana kidogo tu, macho nusu yamefunguka. Kengele inalia mara tatu, basi. Hugusi kitu mpaka ilie tena. Mkao mmoja wanaupima kwa kuungua kwa kijiti kimoja cha ubani, dakika 40 hivi.

Niliwaza nini? Ada ya mtoto. Kiatu nilichokiacha kwa fundi. Faili moja lililopotea ofisini mwaka juzi, ambalo nina hakika nililiweka kabati la pili. Nilipoanza kusinzia nikasikia "paa!" kwenye bega la mtu, kama mlango uliobamizwa na upepo, mtawa anapita na bapa la mbao, na anayelihitaji anaunganisha viganja akainama. Nami nikaomba. Bega la kulia. Haliumi, linazindua, na kwa dakika chache baadaye niliusikia mgongo wangu wote kuanzia kisogoni.

Utulivu wanaouuza kwenye matangazo sikuupata. Mtawa kijana aliyetuelekeza alituambia kabla hatujaanza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba hakuna cha kupata. Kwa mteja aliyelipa, jibu hilo ni gumu kulimeza.

Najua ninyi wenzangu mtauliza: Muislamu kafuata nini hekaluni? Niseme nilivyofanya, kila mtu na dhamiri yake. Wanatuamsha kwa mtawa kukimbia koridoni akitikisa kengele, giza bado zito. Ibada yao ya alfajiri niliketi nyuma nikasikiliza, sikusujudu. Niliomba nafasi ya kuswali chumbani, wakakubali bila maneno mengi, wakanionyesha magharibi iko wapi, kibla nikajipangia mwenyewe. Anayeona hilo zito asiende kulala, azunguke mchana tu. Mimi kilichonijia kichwani ni itikafu, ila itikafu ina maneno: Qurani, dhikri, dua. Kule hakuna neno la kujishikiza, na hilo lilinitoa jasho kuliko magoti.

Chakula hakina nyama wala samaki. Hata supu inatokana na mwani na uyoga. Ukitaka uhakika uliza mapema kama kuna pombe ya mchele kwenye viungo. Tofu yao ya ufuta, laini kama faluda, ningekula sahani tatu.

Sasa karatasi, ambako ndiko roho yangu ilikokuwa. Mimi ni mtu wa masjala. Najua karatasi ikichoka inakuwaje: majalada yenye kingo za kahawia yanayomomonyoka kama biskuti, mchwa wakimaliza kazi iliyobaki. Na najua wahifadhi wa nyaraka duniani wanapounga ukurasa uliochanika hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani. Nilitaka kujua ina nini.

Echizen ni vijiji vitano vilivyobanana bondeni, unavifikia kwa basi kutoka Takefu (basi ni chache, piga picha ya ratiba). Wanasimulia kwamba miaka 1,500 iliyopita binti asiyejulikana alitokea juu ya mto, akawaambia mashamba yenu ni haba lakini maji mnayo safi, tengenezeni karatasi. Wanamwita Kawakami Gozen na ana hekalu lake hadi leo. Serikali ya Meiji, iliyokuwa mpya Japani wakati huo, ilipotoa noti zake mwaka 1868, karatasi ilitoka hapa. Na hapa ndiko anakotoka Iwano Ichibei wa 9, aliyetangazwa hazina hai ya taifa mwaka 2000 kwa karatasi ya kuchapia picha kwa vibao vya mbao vilivyochongwa.

Mwenye saa moja tu na watoto aende Papyrus House. Unachota rojo mwenyewe, unapamba, unakaushiwa, unaondoka nayo. Udatsu, jirani hapo, ni nyumba ya mwaka 1748 ambamo mafundi wanaonyesha kazi kwa njia ya zamani. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Lakini lililonilipa safari nzima ni karakana ya familia moja ambayo mwenzangu wa Nagoya aliipigia simu kwa niaba yangu. Niliwaomba wasinipeleke kwanza kwenye kuchota. Wakashangaa, kisha wakanikalisha kando ya mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, mbele ya karai la maji ya baridi kali.

Malighafi ni gome la ndani la kozo, mti wa ukoo mmoja na mforosadi. Limeshachemshwa, limelainika kama utumbo. Mama akasema neno, simu yangu ikatafsiri "ondoa vumbi". Nikatazama maji, meupe pee, vumbi silioni. Akainua uzi mmoja wa gome, akauelekeza dirishani, akanionyesha kwa ukucha kidoa cheusi kisichofika punje ya ufuta, akakinyofoa. Ndipo nikaelewa. Huku ni kuchambua mchele! Tofauti ni kwamba mchele hauko kwenye maji ya kukata vidole, na pishi moja la mchele halikumalizii siku nzima.

Nilikaa saa mbili na nusu. Vidole vilikufa ganzi, nikavitia kwenye ndoo ya maji moto waliyoweka kando, nikaendelea. Nilipoona fungu langu limetakata nikampa. Mama akalizungusha mara moja kwenye maji, akatoa vidoa vitatu, akaviweka ukingoni mwa karai mbele yangu, vimepangwa mstari. Hakusema kitu. Akanipa fungu lingine.

Mchana nikapelekwa kwenye hodhi. Nyuzi za gome zimepondwa, zinaelea kwenye maji yaliyotiwa ute wa mizizi ya tororo-aoi, mmea wa jamii ya bamia. Nilipotia mkono nikacheka peke yangu: mlenda! Wengi wanadhani ni gundi. Siyo. Ute unazifanya nyuzi zisizame, maji yachuje taratibu, fundi apate muda wa kuyumbisha fremu mpaka nyuzi zishikane; tena karatasi mbichi zinapangwa moja juu ya nyingine na bado zinaachana. Joto linaukata ute huo, ndiyo maana msimu wao mzuri ni baridi hii hii iliyonitesa. Fundi anayumbisha fremu kama mtu anayepepeta. Mimi nilitoa karatasi nne: mbili zilichanika, moja ilikuwa nene upande mmoja kama chapati ya mwanafunzi, ya nne wakasema si mbaya.

Malipo ya karakana yalikuwa chini ya niliyotoa Kyoto, na nilitumia siku nzima. Hayamfai kila mtu. Mwenye magoti mabovu, mwenye haraka, asiyependa baridi, achague mwezi wa kumi na azunguke tu. Eiheiji ningerudi kwa usiku mwingine mmoja, si zaidi. Echizen ningerudi kesho.

Ukinunua karatasi usizikunje, omba bomba la kadibodi. Langu lilivutia macho pale uwanja wa ndege Dar. Ofisa akalifungua, akachungulia, akazikunjua moja moja mezani, akazigeuza nyuma na mbele.

"Dada, hizi hazijaandikwa kitu."

"Hazijaandikwa."

"Umetoka Japani na karatasi tupu?"

Nikamwonyesha ile yangu, kwenye mwanga. Alikuta kidoa kimoja.