Kujifunza Kifaransa mwenyewe: uanze na kipi cha bure, na pesa uitoe wapi

Tumezoea lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kifaransa hakina huruma hiyo. Parle, parles na parlent ni maneno matatu daftarini, lakini mdomoni yote ni "parl". S ya les haisikiki, ila ikifuatwa na amis inafufuka: "lezami". Ndiyo maana anayeanza na PDF aliyotumiwa kwenye WhatsApp anaweza kusoma ukurasa mzima, kisha asielewe salamu. Kwa hiyo hapa tumepanga nyenzo za bure kwa kuangalia kwanza kama unapata sauti na maandishi yake kwa pamoja. Bando na mengineyo yanafuata.

Namba moja kwa anayeanza sifuri ni Apprendre le français ya TV5Monde, televisheni ya Kifaransa, kwenye tovuti au programu ya simu. Ni bure, na mazoezi yamegawanywa kwa ngazi: A1 (anayeanza), A2, B1 na B2 (aliyepiga hatua). Unatazama video fupi, unajibu maswali, unasahihishwa papo hapo. Ila mazoezi ni mengi mno, na mtu akichagua kwa kuvutiwa na picha ataruka huku na huku bila kusonga. Kaa A1 hadi uimalize. Video pia hula bando, basi fanya masomo kadhaa mfululizo mahali penye Wi-Fi.

Namba mbili, na kwa aliyefika A2 ndiyo namba moja, ni Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa: taarifa ya habari ya dakika 10 yenye maandishi yake. Jina lisikudanganye. Urahisi uko kwenye maelezo wanayoongeza, kasi ni karibu ile ile ya redio, hivyo wa wiki ya pili ataambulia majina ya marais tu. Faili ya sauti ya dakika 10 ni kama MB 10, unapakua mara moja na kuisikiliza siku nzima. Anayejua Kiswahili ana njia ya mkato: sikiliza kwanza habari za siku hiyo RFI Kiswahili, ukiingia kwenye Kifaransa kisa unakijua tayari. Kisha chukua dakika moja tu ya sauti. Isikilize mara mbili bila maandishi, mara ya tatu ukiyafuata kwa kalamu na kukata kila herufi isiyotamkwa. Baada ya hapo simamisha kila sentensi, iseme, jirekodi kwa simu na ulinganishe.

Kwenye kulinganisha huko utakutana na u. Sisi tuna "u" moja, wao wana mbili: vous ni "vu" yetu ya kawaida, lakini vu yao haipo kwetu. Kunja midomo kama unasema "u", ulimi uuache pale pa "i", halafu toa sauti. Ukikosea hapa, dessus (juu) inageuka dessous (chini), na mzigo unawekwa pasipo pake.

Ya tatu ni kozi ya zamani ya FSI, taasisi iliyofundisha wanadiplomasia wa Marekani. Haina hakimiliki, ina masomo 24, sauti na kitabu vyote bure. Inachosha kweli: unarudia sentensi ile ile ukibadilisha neno moja moja. Maelezo ni ya Kiingereza na kurasa zilizopigwa picha hazisomeki vizuri kila mahali. Lakini kwa kulainisha mdomo, dakika 20 zake zinafanya kazi kuliko saa nzima ya kubofya picha.

Anki, programu ya kadi za maneno inayokurudishia kila kadi kwa zamu, ni ya kutunza msamiati, haifundishi lugha. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa. Kadi mpya zikiwa 20 kwa siku marudio yanarundikana, na ukikosa wiki moja hutarudi tena. Punguza ziwe 10. Usiandike maison peke yake, andika une maison, maana une ndiyo inayoonyesha jinsia ya neno, na ukiiacha leo hutaikumbuka kesho.

Duolingo tumeiweka mwisho. Inajenga mazoea ya kila siku, basi. Inafundisha Kifaransa kupitia Kiingereza, kwa hiyo unatafsiri mara mbili kichwani.

Kama soko lako ni Bujumbura au Lubumbashi, ongeza jambo ambalo masomo ya Ufaransa hayatilii mkazo: huko 70 ni septante na 90 ni nonante, si soixante-dix na quatre-vingt-dix.

Sasa pesa. Kitu cha kwanza kununua ni kitabu kimoja cha sarufi chenye mazoezi. Kabla ya kulipa, angalia kama majibu ya mazoezi yamo humo ndani, kwani mara nyingi huuzwa kama kijitabu pembeni, na bila majibu huwezi kujisahihisha. Cha mtumba kifungue katikati: kama kimeshajazwa kwa kalamu, kiache. Kikitegemea CD, hakikisha una pa kuichezea. Laptop nyingi za sasa hazina.

Fungu kubwa libaki kwa mtu wa kuzungumza naye, hasa kama unalenga DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa. Mtihani huo una sehemu nne za alama 25 kila moja. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla ni 70. Hakuna programu katika hizi itakayokuzoeza kubishana na mtahini. Mwalimu wa Bukavu au Bujumbura anayejua Kiswahili atakueleza kosa lako kwa lugha unayoielewa. Mwombe saa moja kwa wiki ya mazungumzo tu, na mkubaliane mapema kwamba sarufi utasoma mwenyewe nyumbani.