Miche imekua: ununue chombo gani cha kuihamishia?

Mche wa nyanya ukishatoa majani halisi manne hadi sita na kufika kama sentimita 15, kiriba au kopo la mtindi ulimooteshwa haliutoshi tena. Hapo ndipo watu wengi wa Dar hukimbilia kwa wauza maua kando ya barabara na kurudi na chungu kizuri. Mimi nasema nunua lita kwanza, urembo baadaye. Muuzaji atakutajia upana wa mdomo. Wewe muulize kinaingia maji kiasi gani.

Nyanya moja inataka lita 20. Hoho na bilinganya zinatosheka na 10 hadi 15, sukuma wiki kama 10. Mchicha hauna makuu, hata beseni lililopasuka lenye kina cha sentimita 15 linaufaa. Ukiibana nyanya kwenye kisado cha lita 4 itatoa maua, itazaa, kisha matunda yataanza kuoza kitakoni: udongo mchache hukauka na kulowa ovyo, na kalsiamu haifiki kwenye tunda kama inavyotakiwa.

Halafu gawanya bei kwa lita. Chungu cha shilingi 8,000 chenye lita 8 ni shilingi 1,000 kwa lita; ndoo ya 4,000 yenye lita 20 ni 200.

1. Ndoo ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia

Hii sina shaka nayo. Ulizia kwa waoka mikate, migahawani au kwa mama lishe. Ina mpini, na mfuniko wake unageuka sahani ya kukingia maji. Chagua nyeupe, maana nyeusi ikipigwa na jua inachemsha mizizi. Igeuze: kwenye kitako tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5, inayotaja aina ya plastiki. Iliyobeba rangi ya nyumba au dawa ya kiwandani, iache hata ukipewa bure.

Pasha msumari wa inchi 4, toboa matundu sita hadi nane chini na machache ubavuni karibu na kitako. Kokoto za chini ziache, hazisaidii maji kutoka, zinakula nafasi ya mizizi tu. Kumbuka pia kwamba ndoo iliyojaa udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Ipange inapokaa kabla hujaijaza.

2. Mfuko mweusi wa kupandia

Unapatikana maduka ya pembejeo. (Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 halikugusa vifungashio vya kilimo.) Uvute kwa vidole gumba viwili: ukinyooka na kugeuka mweupe, ni mwepesi mno, utapasukia kwenye mikunjo. Uweke penye kivuli cha mchana.

3. Kiroba cha mchele au unga

Rahisi kuliko vyote. Kunja mdomo kwa nje hadi kina unachotaka. Jua hula nyuzi zake, kwa hiyo hesabu msimu mmoja au miwili. Kwa sukuma wiki kinatosha kabisa.

4. Vyungu

Cha plastiki ni sawa, ila unalipia sura. Cha udongo hupumua na hutoa maji kupitia kuta zake. Joto la Januari na Februari hapa Dar litakulazimu kumwagilia asubuhi na jioni. Ningekuwa kwenye baridi ya Lushoto au Njombe ningekipandisha hadi nafasi ya pili.

5. Tairi

Zito, linashika joto, na lina kemikali nisizozitaka karibu na mboga. Lipandie maua.

Usimalize pesa yote kwenye chombo, bakisha ya samadi. Debe mbili za udongo wa juu, moja ya samadi, moja ya mchanga au makapi ya mpunga. Nyanya ifukie shina hadi karibu na majani ya chini, jioni, maana sehemu iliyofukiwa itatoa mizizi. Samadi yenyewe tia mkono ndani ya gunia kabla hujalipa. Ikiwa na uvuguvugu au harufu inayochoma pua, haijaoza na itaunguza miche. Mwachie muuzaji.