Nimeshusha Altezza mara mbili: kwanza kwa grenda, halafu kwa akili

Nianze na aibu yenyewe. Mara ya kwanza nilishusha gari, yaani nililifanya likae karibu zaidi na ardhi, kwa grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na niliyelipa ni mimi, kwa hiari yangu, tena nikasimama pembeni nikiangalia cheche zinavyoruka.

Gari ni Toyota Altezza ya silinda sita, injini ya 1G-FE ya lita 2, gia otomatiki. Si gari la maonyesho. Linanitoa Tegeta alfajiri mpaka Posta, linanirudisha jioni na foleni, wikiendi linabeba watoto, madumu ya maji na kila kitu ambacho mama watoto ameona kina bei nzuri Tandale. Waliowahi kuendesha Altezza wanajua utamu wake uko kwenye usukani: injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na miguu yote minne ina ami, vile vyuma vinavyoshika gurudumu, za juu na za chini. Mhandisi mkuu wake alikuwa Nobuaki Katayama, na lilichukua tuzo ya gari la mwaka huko Japani kwa msimu wa 1998–1999. Ila kutoka kiwandani linakaa juu kidogo. Kati ya tairi na fenda ngumi inapita. Pengo lile lilinikosesha usingizi kwa miezi.

Fundi wa kwanza alinitajia shilingi 40,000 kwa miguu yote minne. Akafungua, akakata mzunguko mmoja na nusu kila springi, akafunga, ndani ya saa tatu kazi imekwisha. Gari lilishuka karibu sentimita 6 mbele. Nililipiga picha kwa kila pembe mpaka mlinzi wa jirani akaniuliza kama naliuza.

Wiki mbili za raha, kisha hesabu ikaanza kuja. Springi ukiipunguza mizunguko inakuwa fupi, na pia inakuwa ngumu zaidi, lakini ugumu huo hakuna aliyeupima. Ncha iliyokatwa haina ule ubapa wa kukaa kwenye kikombe chake. Kila gurudumu likining'inia kidogo, mfano ukivuka tuta kwa pembe, springi inacheza, halafu inarudi na mlio: kong! Shokapu zangu, zile za kutuliza mdundo wa springi, nazo zilikuwa za zamani, na sasa zimebakiwa na nafasi ndogo ya kusafiri, kwa hiyo kila shimo zilikuwa zinagonga mpira wa mwisho. Rasta, vile vituta vidogo vilivyopangana, za barabara ya Bagamoyo nilikuwa nazisikia kwenye meno. Mama alikuja kutusalimia, nikamchukua Ubungo nikiwa na furaha ya kuonyesha gari. Tulipofika Mwenge akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nishushe nipande daladala."

Kufikia mwezi wa nne tangu kazi ile, shokapu mbili zilikuwa zinavuja mafuta, na matairi ya nyuma yalikuwa yamelika upande wa ndani mpaka waya zinaonekana. Kwa nje yalikuwa mazuri tu, ndiyo maana sikugundua mapema. Kwa hiyo zile 40,000 zilinila shokapu na matairi.

Safari ya pili nilienda polepole. Springi nilipata za TEIN, za mtumba kutoka Japani, kwa muuza spea wa Ilala, 380,000 baada ya kubishana sana. Wengi wanaogopa springi za mtumba. Mimi naona springi ni chuma: kama haina kutu iliyokula, haina ufa, na ncha zake hazijaguswa na grenda, inunue. Shokapu ya mtumba ndiyo siigusi hata kwa zawadi, kwa sababu kilichochoka kiko ndani na huwezi kukiona. Shokapu niliagiza mpya, KYB zile za buluu, New SR Special, ambazo kiwanda chenyewe kinazitoa zikae vizuri na springi fupi. Pamoja na kusafirisha na ushuru zilinigharimu milioni 1.3, na nilizisubiri wiki tano. Kuna duka lilinionyesha boksi linalofanana kwa nusu ya bei, maandishi ya pembeni yamekosewa herufi. Nikashukuru, nikaondoka.

Halafu bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya ami. Hapa ndipo watu wanapobana hela, na kwa maoni yangu hapa ndipo gari linapopona. Gari la zaidi ya miaka 20 lina mpira uliokauka. Ukiweka springi ngumu juu ya bushi zilizochoka, kelele zote zinahamia kwenye usukani na utalaumu springi bure. Nilibadilisha bushi za ami za chini, stabilaiza linki (viungo vya chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), boljointi moja (kiungo kinachozunguka cha gurudumu) iliyokuwa inacheza, na mpira wa juu ya shokapu pande zote. Hiyo nayo 420,000 pamoja na ufundi.

Fundi wa pili namkumbuka kwa jambo moja. Alifunga kila kitu, lakini nati za bushi aliziacha hazijakazwa. Akateremsha gari kwenye jeki, akalisukuma mbele na nyuma, akalibonyeza kila kona, ndipo akaingia chini na spana. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Bosi, ukikaza miguu ikiwa inaning'inia, bushi inakaa imejinyonga maisha yake yote. Miezi sita imekatika, unarudi kunitukana." Fundi wa grenda alikuwa amekaza kila kitu gari likiwa hewani. Kama unapeleka gari lako popote kwa kazi hii, simama pale uangalie hatua hiyo. Usione haya.

Sasa linavyotembea. Limeshuka sentimita 3 na nusu mbele, 3 nyuma, nilipima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda. Ngumi haipiti tena, vidole vinapita. Tofauti kubwa hata si muonekano. Ukikanyaga breki ghafla pua haizami kama zamani. Ukihama njia kwa kasi ya 80, gari linahama mara moja na kutulia. Zamani lilikuwa linahama, linawaza, kisha linarudi kidogo. Kwenye tuta gari linapanda na kushuka mara moja tu, bila ule mdundo wa pili na wa tatu. Rasta bado nazisikia, lakini kwenye matairi, si kwenye meno. Mama amepanda tena, kutoka Tegeta mpaka Kibaha, akasinzia. Sikumwambia kitu.

Alaimenti, kunyoosha mwelekeo wa matairi, nilifanya siku ya kwanza na nikarudia baada ya siku kumi, maana springi hukaa kidogo zinapozoea mzigo. Gari la ami mbili ukilishusha, matairi huinamisha vichwa kwa ndani kidogo. Hilo peke yake haliui tairi haraka. Kinachoua ni matairi kuelekeana vibaya, ule upande mafundi wanaouita tou. Nimefika kilomita 14,000, nimepitisha kiganja ndani na nje ya kila tairi, yamelika sawa. Taa za mbele nilizipandisha kidogo, maana pua ikishuka na mwanga unashuka.

Vinavyoniudhi vipo. Vishimo vidogo vyenye makali, kama vile vya pale lami ilipokatwa kupitisha bomba, vinasikika zaidi kuliko kwenye springi za kiwandani. Watu wazima watano na mizigo ya kwenda Moshi, nyuma inakaa chini mno. Desemba nilitembea Chalinze mpaka Same nikihesabu matuta kwa hofu. Na kipande cha vumbi cha mita kama 700 kati ya lami na nyumbani kwangu, masika ikikichimba, nakipita kwa kasi ya mtu anayetembea. Boda wananipita wakinicheka. Nimefunga bamba la chuma kukinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, limeshakwaruzwa mara mbili.

Rafiki yangu kazini ananishawishi nihamie koilova, zile za kupandisha na kushusha kwa kuzungusha. Kwa gari la mbio, sawa. Kwa gari linalooga tope la Tegeta kila Aprili, nati zile zitaganda na utabaki na urefu mmoja uleule, kwa bei mara mbili.

Jumla yangu, ukijumlisha na matairi mawili, imevuka milioni 2.5. Zile springi zilizokatwa bado ziko stoo. Juzi nimekuta moja imewekwa juu yake chungu cha mshubiri, na kusema kweli pale imekaa vizuri kuliko ilivyowahi kukaa kwenye gari.