Kisanduku cha modeli za molekuli: umbo sahihi, maelekezo yana kosa

Kisanduku hiki cha matufe ya plastiki, kinachopatikana kwenye maduka ya vitabu mjini Kisumu, kina kaboni 12 nyeusi, haidrojeni 30 nyeupe, oksijeni 6 nyekundu, vijiti 50 na kamba 10 laini za manjano. Kaboni zimetobolewa vizuri sana, matundu manne yaliyoachana kwa digrii 109.5. Methani (kaboni moja, haidrojeni nne) ukishaiunda inasimama mezani kwa miguu mitatu bila kuyumba.

Tatizo ni karatasi ya maelekezo. Imechora methani mbili zimeunganishwa kwa kamba ya manjano, na kamba hiyo ikaitwa bondi ya haidrojeni. Kosa hilo ndilo linalowanyima watahiniwa alama: wakiona H tu, wanaandika bondi ya haidrojeni. Bondi hiyo, ambayo ni mvuto kati ya molekuli na molekuli, hutaka haidrojeni iliyoshikamana na naitrojeni, oksijeni au florini. Kaboni huvuta elektroni karibu sawa na haidrojeni (2.55 kwa 2.20 kwenye kipimo cha Pauling cha mvuto huo), hivyo methani haina upande chanya wala upande hasi. Kinachobaki ni nguvu za London: elektroni hurundikana upande mmoja kwa kitambo kidogo mno, zile za molekuli jirani husukumwa kando, na molekuli hizo mbili huvutana. Mvuto huo ni dhaifu. Methani huchemka kwa digrii -161.5, ilhali maji, ambayo molekuli yake haijaizidi sana kwa uzito (18 kwa 16), huchemka kwa 100. Fungieni kamba za manjano kabatini mpaka somo la maji na ethanoli.

Pale kisanduku kinapofaa hasa ni kwenye pentani. Unda pentani mbili zilizonyooka: kaboni 10, haidrojeni 24, vijiti 32. Zilaze ubavu kwa ubavu, uone zinavyogusana toka kichwa hadi mkia. Zibomoe, kisha kwa matufe yale yale unda neopentani mbili, kaboni moja katikati na nne kuizunguka. Sasa ni mabonge mawili, na yanagusana mahali padogo tu, hivyo nguvu za London kati yake ni dhaifu zaidi. Fomula ni ile ile, C5H12, lakini ya kwanza huchemka kwa digrii 36 na ya pili kwa 9.5. Asubuhi ya Kisumu, joto likiwa digrii 20, moja ni kiowevu na nyingine ni gesi. Mwanafunzi aliyezishika zote mbili mkononi hahitaji kukariri kwamba matawi ya kaboni, kama yale ya neopentani, hupunguza kiwango cha kuchemka.

Kuziweka pentani mbili na neopentani mbili zote mezani kwa pamoja kunataka visanduku viwili.

Matundu ya haidrojeni hulegea upesi, hasa mtu akivuta kijiti huku anakipinda. Kivutwe moja kwa moja, tufe likizungushwa taratibu. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko uhesabu zile nyeupe: zikipungua 24, zoezi la pentani halifanyiki.