Kiboksi cha dawa cha wiki: miezi minne nacho tangu Mzee apate kiharusi

Mzee aliruhusiwa hospitali akarudi nyumbani Igoma, hapa Mwanza, na dawa za aina nne: amlodipini na losatani za presha, aspirini ndogo ya kuzuia damu isigande (picha ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba, haukupasuka), na atovastatini ya usiku ya kushusha lehemu. Wiki ya pili nikahesabu vidonge. Losatani zilikuwa zimebaki nyingi, aspirini zimepungua kupita siku. Mama anampa, mimi nampa, na yeye akikumbuka anajinywea.

Nikanunua kiboksi duka la dawa mjini, Sh 15,000. Kina vijumba 28, vinne kila siku. Sisi tunatumia asubuhi na usiku tu. Siku zimeandikwa Kiingereza, nikabandika plasta nikaandika Jtatu, Jnne. Najaza mimi peke yangu Jumapili jioni. Kijumba kikiwa kitupu, ameshakunywa. Ule ugomvi wa "umempa?" umekwisha.

Lakini Mzee amepooza kushoto, na upande huo ni kama haupo kwake. Hata ugali ulio kushoto mwa sahani anauacha, anasema nimeshiba. Kiboksi kikikaa mbele yake, Jumatatu na Jumanne hazioni. Anafungua Jumatano bila wasiwasi wowote. Nililia siku ile. Bahati nzuri kila siku inachomoka peke yake, basi sasa tunamwekea ya leo tu, mkono wa kulia, karibu na kikombe cha uji.

Vifuniko ni vigumu kwa mtu wa mkono mmoja. Tunatandika kitambaa kibichi chini, kiboksi hakitelezi, anasukuma kwa kidole gumba mwenyewe. Anafurahi sana kufungua mwenyewe.

Pia hakizuii unyevu. Aspirini yetu ni ya kuyeyusha kwenye maji, ikaanza kumumunyika humo ndani. Mfamasia akasema ibaki kwenye paketi yake mpaka saa ya kunywa. Nimechora doti nyekundu kwenye kifuniko cha asubuhi kutukumbusha.

Na kliniki wakibadilisha dozi, mwaga vyote ujaze upya siku hiyohiyo. Amlodipini ya Mzee ilipopandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10, vidonge vya zamani vilikuwa bado vimo mpaka Jumamosi.