Uzoefu wangu: ziara ya siku moja ya kumbukumbu za vita mjini Shanghai

Nilikuwa Yiwu kununua vitambaa, na kwa kuwa mzigo ulichelewa kufungwa, nilipanda treni hadi Shanghai na kulipia ziara ya kutembelea mahali Wachina na Wajapani walipopigana mwaka 1937.

Kilichostahili fedha yangu ni Ghala la Sihang, kando ya Mto Suzhou. Ni jengo la zege la ghorofa sita, lililokuwa mali ya benki nne, ambamo wanajeshi wa China wapatao 400, chini ya Xie Jinyuan, waliachwa wamzuie adui huku wenzao wakiondoka kuelekea magharibi. Walitangaza kwamba wako 800 ili uchache wao usijulikane, wakalishikilia ghala kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Ukuta wa magharibi umekarabatiwa kwa namna inayoonyesha matundu ya makombora, na nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwongozaji alituonyesha ng'ambo ya mto, umbali ambao mtoto angeweza kurusha jiwe likafika, palipokuwa chini ya mataifa ya nje; huko watu walijazana kutazama mapigano. Alieleza kwamba ndege za Japani, zilizokuwa zimeiharibu mitaa ya jirani ya Zhabei, hapa hazikuangusha mabomu kwa kuchelea matangi ya gesi yaliyokuwa ng'ambo hiyo. Vitabuni nilikuwa nimesoma habari za vita vya angani na vya ardhini kana kwamba ni hadithi mbili. Pale ukingoni nikaona jinsi zilivyofungamana.

Kasoro ilianza tulipofika Bund, barabara ya ukingoni mwa Mto Huangpu. Mwongozaji alisema tu kwamba mabomu yaliangukia hapo tarehe 14 Agosti, kisha akatuacha tupige picha. Hakusema kwamba yalikuwa mabomu ya ndege za China zenyewe, zilizotumwa kuishambulia manowari ya Kijapani Izumo, na kwamba mengine yaliangukia wakimbizi waliojazana karibu na jumba la burudani la Great World. Nilipomuuliza, alitabasamu na kusema muda umekwisha. Sikuona sababu ya kuficha, kwani siku hiyohiyo marubani wa China chini ya kamanda Gao Zhihang waliziangusha ndege za Japani zilizotoka Taiwan, wakati huo koloni la Japani, kuushambulia uwanja wa Jianqiao, Hangzhou; tarehe hiyo ndiyo iliyofanywa siku ya jeshi la anga la Jamhuri ya China, serikali ya China ya wakati huo ambayo sasa iko Taiwan, na huko bado huiadhimisha. Msiba na ushindi wa siku moja vilistahili saa nzima, nasi tulipewa dakika kumi.

Visikilizio vyangu viliishiwa chaji kabla ya adhuhuri, lakini hilo nalisamehe. Wanauza pia ziara ya nusu siku inayoishia ghalani. Nikirudi nitalipia hiyo, na Bund nitakwenda mwenyewe.