Pampu ya klorini ya bwawa la nyumbani: kabla ya bei, uliza nani ataizima

Malalamiko ninayoletewa kuhusu pampu za klorini yanafanana sana. Mtu amenunua pampu hiyo ndogo ya kudondoshea klorini majini, fundi ameiunga na kontrola ya bwawa (kisanduku kinachowasha na kuzima vifaa vyake), maji yamekaa safi kwa muda. Halafu siku moja mtoto anaruka ndani na kutoka akikohoa, macho yamemwiva. Mwenye bwawa akirudi dukani anaambiwa apunguze dozi. Aipunguze mara ngapi? Dozi haina kosa lolote, kosa liko kwenye waya.

Kwa hiyo uwezo wa pampu nitaupitia haraka. Lita 1 ya klorini ya maji ya asilimia 12.5 huongeza miligramu 2.5 za klorini kwa kila lita kwenye bwawa la lita 50,000. Bwawa la kawaida la nyumbani likishatiwa kinga ya jua (asidi ya sianuriki, inayozuia jua lisiimalize klorini) halihitaji zaidi sana ya hapo kwa siku, na karibu kila pampu iliyoko sokoni inaweza kazi hiyo. Muuzaji anayekusifia lita kwa saa anakusifia kitu usichokihitaji.

Mimi naangalia jambo moja: pampu kuu ya maji ikisimama, nini kinaizima pampu ya klorini?

Zamani swali hili lilijijibu lenyewe. Pampu kuu ilikuwa ya spidi moja, rilei ya kontrola (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inafunga, umeme unafika, pampu inazunguka. Fundi aliiunga pampu ya klorini kwenye terminali zilezile na mambo yakaisha. Pampu za siku hizi za spidi zinazobadilika haziko hivyo. Umeme wake haukatiki hata zikiwa zimetulia, kwa sababu kontrola inazipa amri ya spidi kwa waya mwembamba wa mawasiliano. Fundi wa mazoea akiunga kwenye terminali hizo, pampu ya klorini inapata umeme saa 24. Usiku kucha inasukuma klorini kwenye bomba ambalo maji yake yamelala.

Klorini hiyo haiendi popote. Inajikusanya, mara nyingine inarudi nyuma na kuanza kula shaba ya ndani ya hita. Asubuhi pampu kuu ikiwaka, yote inatupwa bwawani kwa mkupuo. Kama una pampu ya asidi iliyofungwa kwa mtindo huohuo, ni hatari zaidi, kwani asidi na klorini zikikutana kwenye bomba lililosimama hutoa gesi ya klorini. Huko California mwaka 2015, kwenye bwawa la umma, pampu ya mzunguko ilisimama huku klorini na asidi zikiendelea kuingia. Ilipowaka tena, gesi iliwakuta watu majini.

Ufungaji ninaoukubali una vizuizi viwili, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza ni rilei ya ziada ya kontrola, ile ya kuendeshea taa au chemchemi, iliyopangiwa ratiba yake ndani ya saa za pampu kuu. Cha pili ni swichi ya mtiririko iliyo kwenye bomba lenyewe. Rilei peke yake haitoshi: pampu kuu ikivuta hewa au ikijizima kwa hitilafu, huenda kontrola isitambue, ikaendelea kuamini kwamba maji yanatembea. Swichi haiamini, inapima. Ila angalia imeandikwa volti na ampea ngapi. Nyingi ni za umeme mdogo na hazifai kupitishiwa umeme wa nyumba, hivyo swichi iamrishe rilei ndogo, na rilei hiyo ndiyo ikate umeme wa pampu. Panga pia dozi iingie pampu kuu ikiwa kwenye spidi ya kutosha kusukuma ulimi wa swichi, la sivyo klorini haitaingia kabisa na bwawa litageuka kijani. Kazi yenyewe mwachie fundi umeme, na saketi iwe na ethi (waya wa ardhini) pamoja na breka inayokata umeme unapovuja.

Sasa pampu. Nafasi ya kwanza ni Stenner, na wala sifichi upendeleo wangu. Ni mota, roli (vigurudumu) na mpira wa klorini unaominywa nazo. Ukiipa umeme inazunguka, ukiukata inasimama, ukirudi inaendelea bila kungoja mtu abonyeze kitu. Rilei haitaki zaidi ya hapo. Haishindwi na mapovu ya gesi yanayotoka kwenye klorini. Ile ya 45MHP10 hutoa kama lita 38 kwa siku nzima, kwa hiyo saa moja hivi inakutosha, na inakula chini ya ampea 2. Hakikisha volti ni za kwako, maana zipo za 120 na za 220. Mpira huchakaa, nunua wa akiba siku hiyohiyo.

Ya pili ni mfumo kamili kama IntelliChem ya Pentair, ambao unazungumza na kontrola za kampuni hiyo na una kipimo chake cha mtiririko. Katika kuzima hauna lawama. Tatizo langu ni kwamba unaikisia klorini kwa kupima ORP (nguvu ya maji ya kuoksidisha, kwa milivolti), na kinga ya jua ikizidi kipimo hicho kinayumba. Vipimo vyenyewe navyo vinazeeka.

Ya tatu ni pampu za dayaframu, zinazosukuma kwa utando unaoingia na kutoka, kama za LMI na ProMinent. Imara, na nyingi za ProMinent zina mahali pa kupokea ishara ya kusimama kutoka nje. Lakini klorini ikitoa gesi kwenye joto, kichwa kinajaa hewa na pampu inapiga bure.

Vipampu vya bei ya chini vyenye vibonye: baadhi umeme ukirudi vinabaki vimelala. Basi.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Anakuuzia pampu, dumu na mita kadhaa za mpira, anaita "seti kamili", ilhali swichi ya mtiririko haimo. Ukiuliza, anakuambia kontrola inatosha. Ukisisitiza, inatoka rafu ya nyuma kwa bei ya kukukomoa, kana kwamba usalama ni urembo. Wengine wanasifu programu ya simu. Simu haijui kama bombani kuna maji.

Fundi akimaliza, usimlipe kwanza. Jaza dumu maji matupu, washa kila kitu, kisha mwambie azime breka ya pampu kuu peke yake na kontrola aiache ilivyo. Roli ikiendelea kuzunguka, afungue sanduku aanze upya.